Sadaka wanaipata, mdhamini hawana

Swali: "Shikamoo mzee. Nasali kanisa moja katikati ya Dar es Salaam. Kwenye kibaraza cha duka linalotazamana na geti letu wanalala watu kama kumi, wengi vijana, na mmoja ni bibi mtu mzima kabisa. Kila Jumapili nawapa mia tano, elfu moja nikiwa nayo. Jirani yangu Muislamu naye hutoa kila Ijumaa. Mwaka wa nne huu, watu ni walewale na kibaraza ni kilekile. Sisi tunaosema tuna dini, tunafanya vya kutosha kweli? Siulizi kanisa wala mashirika, nauliza kuhusu mimi na jirani yangu. Na yule bibi, nikimchukua nyumbani nitakuwa nimefanya vema au nitajitafutia matatizo? Mume wangu anaogopa."

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, mingi kati ya hiyo hapohapo Dar es Salaam, na usiku mwingi nimeupitisha kwenye vibaraza kama hicho unachokisema. Nakujibu bila kuzunguka: hapana, hatufanyi vya kutosha. Lakini kilichopungua sicho ambacho wengi wanakifikiria, ndiyo maana nataka tukae kidogo kwenye jambo hili.

Kwanza niwatetee waumini, kwa sababu wanastahili. Ingia chumba chochote cha kupanga Tandale au Mbagala saa nne usiku uhesabu vichwa. Kuna mpwa aliyekuja kutafuta kazi, kuna mdogo wa shemeji aliyeachika, kuna mtoto wa rafiki wa marehemu baba. Wote hao wangekuwa nje. Wapo ndani kwa sababu mtu mmoja, ambaye mwenyewe kodi inamtoa jasho, amewatandikia mkeka. Muulize kwa nini amekubali kubanana hivyo, atakwambia: nitamtupa wapi, naye ni kiumbe wa Mungu. Hakuna anayempiga picha wala kumsomea jina lake kwenye matangazo ya ibada, na ndiye aliyewazuia watu wengi kulala nje kuliko ofisi yoyote niliyofanya kazi.

Hata kazi ya mitaani yenyewe, hapa kwetu mara nyingi ilianzishwa na watu wa dini. Nairobi, mwaka 1973, padre Mholanzi aliyeitwa Arnold Grol, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliwafuata wavulana waliokuwa wakiishi kwa kuwaelekeza madereva mahali pa kuegesha magari, akakaa nao, na hapo ndipo ilipozaliwa Undugu Society. Hakuanza na jengo. Alianza kwa kuwajua wale vijana mmoja mmoja.

Sasa hao kumi wa kibarazani ni akina nani? Ni wale walioanguka kupitia matundu ya wavu wa ndugu. Katika kazi yangu sikukutana hata mara moja na mtu aliyelala nje kwa sababu tu hana pesa. Umaskini peke yake humfikisha mtu kwenye mkeka wa shangazi. Kinachomtoa pale shangazi hadi barabarani ni kitu kingine juu ya umaskini: baba wa kambo mwenye fimbo, maradhi ya akili ambayo ukoo umeyaita mashetani, dawa za kulevya tunazoziita unga, kifungo kilichokwisha bila mtu wa kumpokea getini, mirathi iliyomtoa mjane nyumbani, au bibi aliyeitwa mchawi na wajukuu aliowalea mwenyewe. Mtu wa namna hiyo amepoteza jambo moja ambalo sisi wengine tunalo bila kulihisi, kama hewa. Hana mtu wa kusema "huyu namfahamu."

Hebu fikiri jinsi mji wetu unavyokwenda. Ukitaka chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi, tena anataka kujua umeletwa na nani. Ukitaka kazi ya ulinzi, lete wadhamini wawili. Bodaboda ya tajiri, mdhamini. Kitambulisho cha taifa kinataka barua ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa atakuuliza unaishi nyumba ya nani. Tangu laini za simu zianze kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, aliyekosa kitambulisho hana laini kwa jina lake, na asiye na laini hana hata mahali pa kuwekea akiba ya elfu tano isiibwe usiku. Akikamatwa na mgambo, wenzake wanatolewa kwa dhamana na ndugu zao kabla ya jioni, yeye anabaki mahabusu kwa kosa lilelile.

Kwa hiyo mia tano yako anaipokea, inamsaidia, na asubuhi inamkuta palepale. Sikusemi vibaya. Mia tano ni uji wa asubuhi au mlango wa choo cha kulipia, na kwa mwanamke anayelala nje mlango wa choo wenye komeo ni jambo kubwa. Endelea kumpa. Ila usishangae kwamba miaka minne ya mia tano haikumtoa kibarazani, kwa sababu hakuwekwa pale na kukosa mia tano.

Nikusimulie kisa kimoja, maana ndicho kilichonifundisha. Kijana mmoja alitoka Lindi akiwa na miaka kumi na minne, akawa mbeba mizigo sokoni Kariakoo. Nilipomfahamu alikuwa ameshalala nje miaka saba. Kwa siku nzuri alipata hadi elfu nane, kwa hiyo angeweza kulipa kodi ya chumba cha uswahilini. Ijumaa alipata pilau msikitini, Jumapili watu wa kanisa moja walimletea nguo, na mwezi wa Ramadhani alikuwa na mialiko ya futari kuliko mimi. Nyumba tatu za ibada zilimjua kwa uso. Hakuna hata moja iliyojua jina lake la pili.

Akatokea fundi cherehani mmoja, muumini wa kawaida, si imamu wala mjumbe wa kamati. Kijana alikuwa akimbebea mabunda ya vitambaa. Siku moja fundi alimuuliza swali ambalo katika miaka saba hakuwahi kuulizwa: "Hizi pesa zako usiku unaziweka wapi?" Alikuwa akizilalia, na mara nyingi aliamka hana pesa wala viatu. Fundi akaanza kumtunzia kwenye daftari. Baada ya miezi mitano akaenda naye mtaani kwake, akamwambia mwenyekiti wa serikali ya mtaa: kijana huyu nawajibika naye mimi. Akamwambia mwenye nyumba maneno hayohayo, na yule aliyekuwa akitaka miezi sita akakubali mitatu, akiangalia sura ya fundi. Hesabu ya pesa zilizotoka mfukoni mwa fundi mwenyewe kwa mambo yote hayo haikufika laki moja.

Wiki mbili baadaye kijana alirudi kibarazani. Watu wanaotoa misaada hapa ndipo hukasirika: tumempa chumba, amekikataa, basi hawa ndivyo walivyo. Kumbe hakukikataa. Mtu aliyelala miaka saba katikati ya wenzake, sikio moja likiwa macho, akifungiwa peke yake kwenye kuta nne anashikwa na hofu. Kimya chenyewe kinamwamsha. Nimewaona watu wazima wenye ndevu wakitoka chumbani usiku kwenda kulala kwenye korido ya nyumba ileile. Fundi hakujua nadharia yoyote ya mambo haya. Alichofanya ni kwenda kibarazani saa tatu usiku, akakaa naye juu ya boksi, wakazungumza, akarudi kwake. Kesho yake hivyohivyo. Mara ya pili kijana alihamia chumbani pamoja na mbeba mizigo mwenzake, akatulia. Mwaka wa tatu alikuwa na mkokoteni wake.

Ukiniuliza "vya kutosha" ni kiasi gani, nakuonyesha huyo fundi. Kuna watu mia wanaotoa mia tano kwa kila mmoja anayetoa jina lake. Nami nasema jambo hili nikijua kwamba jina ni ghali kuliko pesa. Mia tano ikipotea umepoteza mia tano. Ukimdhamini mtu akakimbia na bodaboda, wewe ndiye utakayetafutwa. Ndiyo sababu tunapenda zaidi kutoa sadaka.

Dini zetu zenyewe hazikuanzia kwenye mia tano. Mimi ni Muislamu, nianze na yangu. Msikiti wa Mtume pale Madina ulikuwa na sehemu iliyoezekwa iitwayo Suffa, nayo ilikuwa malazi ya watu waliohama bila mali wala jamaa. Abu Huraira, ambaye hadithi zake tunazisikia kila khutba, alikuwa mmoja wao, na amesimulia kwamba aliwaona watu sabini wa Suffa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na shuka ya kujitanda juu. Katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari imepokewa kwamba Mtume aliwaambia masahaba: mwenye chakula cha watu wawili aondoke na wa tatu. Abu Bakar akaondoka na watatu, Mtume mwenyewe akaondoka na kumi. Angalia hesabu hiyo ilivyopangwa. Hakuna mfuko uliochangishwa. Kila nyumba iligawiwa watu. Leo misikiti yetu mingi ya mjini hufungwa kufuli baada ya Isha, na mlinzi huambiwa asimruhusu mtu kulala kwenye baraza. Zipo sababu, wizi wa mazulia na mabomba si hadithi ya kutunga, lakini tusisahau tumeondoka wapi.

Na ipo simulizi katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Daud ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Mtu alikuja kuomba. Mtume akamuuliza nyumbani ana nini. Ana kitambaa na bakuli. Vikaletwa, vikanadiwa, vikauzwa dirhamu mbili. Moja akaambiwa anunulie chakula cha familia, ya pili shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na kuuza, akampa siku kumi na tano ndipo arudi. Wahubiri wengi huitumia kuwasema ombaomba wavivu. Mimi namwangalia aliyeombwa: alikaa chini na mtu yule, akauliza ana nini kwanza kabla ya kuuliza amekosa nini, akashughulika na mpini, akaweka siku ya kuonana tena. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumelishika neno la jembe tukidhani ni la kumfukuzia mgeni, ilhali wa kumpa jembe ni mwenyeji, tena jembe lenye mpini.

Kwako wewe Mkristo sina haja ya kukukumbusha Mathayo 25, ile ya "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Nakurudisha kwa Isaya 58, mstari wa 7, unaouliza kuhusu funga inayompendeza Mungu: "Je! siyo kuwagawia wenye njaa chakula chako, na kuwaleta maskini waliotupwa nje nyumbani kwako?" Nyumbani kwako, hakusema ofisini kwa parokia. Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia na kisha Konstantinopoli miaka 1,600 iliyopita, aliwataka waumini wake kila mmoja atenge nafasi ndani ya nyumba yake kwa ajili ya maskini na mgeni, hata kama ni chumba duni cha chini, akihesabu kwamba anayelala pale ni Kristo. Waumini walikuwa na jibu ambalo wewe na mimi tunalijua: kanisa lina mali na mapato, litawatunza. Naye akawauliza kama kwa vile makasisi wanasali, wao hawapaswi kusali. Swali lako limeshaulizwa siku nyingi, mwanangu, na limeulizwa na watu wa imani wenyewe.

Na usidhani ni mambo ya mbali tu. Mji Mkongwe wa Unguja ulijaa nyumba za wakfu. Matajiri, wakiwemo wanawake wengi, waliziandika nyumba zao ziwe za Mwenyezi Mungu, wakaruhusu wakae humo ndugu wasiojiweza, masikini, na watu waliotoka utumwani ambao walikuwa huru lakini hawana pa kwenda. Wengine walikaa bure, wengine kwa kodi ndogo isiyolingana na nyumba. Wakfu wa siku hizi ninaouona ni wa visima, mazulia na spika za msikiti, na makanisani ni viti vya plastiki na vyombo vya muziki. Sijawahi kumsikia mtu kwenye harambee akisema: natoa chumba kimoja cha nyumba yangu ya kupangisha, alale mtu ambaye kanisa limemdhamini, kwa miaka miwili. Mtu akisema hivyo nadhani ukumbi ungenyamaza kwanza.

Nimewahi pia kuona hili, nalo liliniuma sana. Mzee aliyelala nje karibu na soko fulani alifariki usiku wa masika. Msikiti wa jirani ulikusanya pesa za sanda na gari kwa muda usiozidi saa moja, vijana wakamwosha kwa heshima, wakamswalia, akazikwa na watu zaidi ya sitini. Nilisimama kaburini nikihesabu. Sitini. Enzi za uhai wake mzee huyu alihitaji watu wawili tu wa kumsindikiza hospitali, na hawakupatikana.

Najua kuna atakayesema hao wengi ni matapeli, wana nyumba kwao, ombaomba ni biashara. Wapo waombaji wanaorudi kulala kwao jioni, sikatai. Ndiyo maana usichanganye anayeomba na anayelala nje. Wengi wanaolala nje hawaombi kabisa, wanabeba mizigo, wanaokota makopo na skrepa, wanaosha magari. Ukitaka kumjua asiye na makazi usimtafute saa nne asubuhi kwenye taa za barabarani. Mtafute saa tano usiku.

Wengine watakwambia wale ni mateja, pesa zitakwenda kwenye unga. Kwa teja usitoe pesa, ni kweli, lakini usiishie hapo. Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, mwaka 2011, na dawa ile inanywewa palepale mbele ya muuguzi, kila siku. Jiulize mtu asiye na pa kuoga, asiye na saa, anayefukuzwa kibarazani alfajiri, atafikaje kila siku bila kukosa. Waliofanikiwa niliowaona karibu wote walikuwa na mtu, mama au dada au mchungaji, aliyewagongea asubuhi na kuwapa nauli. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inamhitaji mtu anayeamka alfajiri, na waumini ndio watu wanaoamka alfajiri.

Watoto ni habari tofauti, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu huku wema wetu unaweza hata kudhuru. Mtoto ukimpa pesa barabarani, mara nyingi jioni inachukuliwa na wakubwa wake wa kijiweni, na kesho anajua pa kurudi. Mpe chakula ale mbele yako, ongea naye, kisha piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Pia punguzeni ile ziara ya Jumapili ya kwenda na magunia ya unga na kamera kwenye makao ya watoto. Watoto wengi walio makaoni wana mzazi au ndugu walio hai, na unga ule pamoja na nauli na mtaji kidogo ungemrudisha mtoto kwa bibi yake. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na sera yao sasa ni kuwahamishia watoto kwenye familia. Sheria yao ya Watoto ya 2022 inaitambua hata kafala, malezi ya Kiislamu ambayo mtoto analelewa bila kupokonywa nasaba yake. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka malezi ya kambo, na halmashauri zina orodha ya familia za kuaminika zinazokubali kumpokea mtoto wa dharura. Mwaka baada ya mwaka nilikuwa natafuta familia hizo, na nilizitafuta kwenye nyumba za ibada. Nilipata michango mingi ya nguo. Familia nilizipata chache mno.

Ila kamwe usimchukue mtoto barabarani kimyakimya ukaenda naye nyumbani. Nimewatoa mabinti kwenye nyumba za watu wa swala na wa sala ambako "walisaidiwa" kwa kuamshwa saa kumi kufua na kupika bila shule wala mshahara. Mwenye nyumba anasema kamuokoa. Binti mwenyewe hana wa kumwambia.

Niongeze jambo la sheria, maana nalo ni la binafsi. Kanuni yetu ya Adhabu bado ina vifungu vya uzururaji vya tangu ukoloni, na kuomba mahali pa watu kumo humo. Kila penye mkutano mkubwa au ugeni, mgambo hupita usiku, na maboksi na mablanketi mliyoyatoa Krismasi hutupwa kwenye gari la taka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ipo hapahapa Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Kenya walifuta Sheria yao ya Uzururaji mwaka 1997. Wewe peke yako huwezi kubadilisha kanuni, lakini mama wa kanisa, pamoja na mama wa msikiti, wakienda kituoni asubuhi kumwekea dhamana kijana waliyemjua kwa jina, mgambo wa eneo lile hubadilika. Nimeliona.

Je, mzigo ni mkubwa kupita uwezo wetu? Kenya walifanya sensa ya familia za mitaani mwaka 2018, wakapata watu 46,639 nchi nzima. Nairobi peke yake 15,337, Mombasa 7,529. Ni watu wengi, na mmoja tu akilala nje ni wengi. Lakini chukua Nairobi ile, useme ina nyumba za ibada 3,000 tu zinazokubali, za dini na madhehebu yote. Kila moja ingepata watu watano. Kusanyiko la watu mia mbili kubeba watu watano, kuwajua, kuwadhamini, kuwasindikiza. Pesa zake zinapatikana: kwa hapa kwetu, chumba cha elfu hamsini kwa miezi sita ni laki tatu, yaani watu thelathini wenye elfu kumikumi, mchango ambao kwenye harusi hatuuoni hata kuwa mchango. Kinachokosekana ni wale watu watatu katika hao mia mbili watakaosema: huyu ni wetu, akitoroka tutamfuata.

Sasa nije kwa yule bibi, na kwa mumeo. Mumeo ana haki ya kuogopa. Una watoto na hujui bibi huyo ametoka kwenye nini. Usimpeleke nyumbani kwako moja kwa moja. Fanya hivi. Jumapili ijayo usimpe pesa ukaondoka. Kaa. Usimuulize kwa nini yuko pale, swali hilo ameulizwa na kila mtu na jibu alilonalo ni la kujikinga. Muulize jina, muulize usiku uliopita alilalaje, mguu unamuuma au haumuumi. Mara ya pili au ya tatu atakwambia mwenyewe ana watoto wangapi na wako wapi. Wasiliana nao kama yeye anataka. Asipotaka, mwamini, ana sababu. Mtu wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza ana haki ya kutibiwa bure kwenye hospitali za umma, lakini akifika peke yake, mchafu, bila karatasi, atakaa kwenye benchi hadi jioni. Akifika nawe atasikilizwa. Sio haki, ila ndivyo ilivyo, basi uitumie sura yako. Yakishindikana yote, serikali ina makazi ya wazee, na kwa Dar es Salaam yapo Nunge, Kigamboni. Njia ya kuingia inapitia kwa afisa ustawi wa jamii, naye ataanza kwa kuuliza nani anamfahamu mama huyu. Na kama atapata chumba, cha kupanga au cha kupewa, mtembelee. Wiki ya pili ndiyo ngumu kuliko zote.

Mwombe jirani yako wa Ijumaa muwe pamoja katika hili. Bibi akijua kwamba mmoja anakuja siku hii na mwingine siku ile, kwa mara ya kwanza atakuwa na wiki yenye mpangilio.

Ofisi ya kata hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Nenda Jumatatu mapema kabla ya foleni, na bibi awe nawe, si nyuma yako. Mwambie mumeo naye aje, hata kama bado anaogopa. Barua ya kumtambulisha bibi ikianza kuandikwa wataomba majina mawili ya watu wanaomfahamu.